Gari Atakaloingia Mama Mwenyewe

6 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Shikamoo yako nimeipokea kwa mikono miwili, na ya mama yako nimemfikishia chumbani. Sisi ni wazima. Masikio yangu ni yale yale yaliyoliwa na nyundo, kwa hiyo usihangaike kunipigia simu. Mama yako mpigie, mimi niandikie. Wewe je, hujambo? Huko kiwandani kwenu bado wanawasimamisha kwa muda wa saa nane mbele ya mablanketi? Nunua viatu vya soli nene, usione aibu.

Mama yako ndani ya nyumba hajambo. Anatoka chumbani mpaka jikoni na fremu yake ya kutembelea, ananigombeza njia nzima, ndiyo ujue ana nguvu. Shida ni nje. Geti hajalivuka tangu mwezi wa tano. Siku ile ya mwisho tulimpeleka hospitali kwa teksi, gari la chini kama sahani. Mimi nasukuma kichwa kisigonge paa, dereva anavuta miguu, mtaa mzima unatazama. Nyonga ikamuuma siku nne. Akasema hapakiwi tena kama gunia, na mama yako akisema amesema.

Sasa dada yake, mama yako mkubwa, moyo umemsumbua tena. Amelazwa wiki mbili, ametoka, yuko kwake ghorofa ya tatu. Yeye hana nguvu ya kuja huku, mama yako hana gari la kumpeleka kule. Wanaongea kwenye simu kila asubuhi, kisha mama yako anakaa kitandani kimya. Unajua mama yako na kimya havijuani. Jana ameniambia, "Dada yangu nitamwona kwenye jeneza." Nikaenda kumwagilia maua ambayo nilishayamwagilia.

Kwa hiyo lile wazo lako la gari nalikubali. Ila jipya la nini? Mimi nimenyoosha bodi za magari miaka thelathini na minane. Gari likigongwa likajazwa pati, ule udongo wa kuzibia mabonde, na kupakwa rangi ya kupendeza, wenzangu wanatafuta sumaku, maana kwenye pati hainati. Mimi napitisha vidole tu, macho nimefumba, nakuonyesha bonde lilikuwa wapi. Nitatafuta lililotumika.

Baba yako

20 Januari

Shikamoo Baba,

Habari za hapo, habari za mgongo, habari za maua yanayomwagiliwa mara mbili? Mimi mzima, miguu inavimba ila si sana. Viatu nimenunua.

Baba, nimefanya utafiti wangu. Mwenzangu wa hapa kiwandani anambeba baba yake, mzee wa magongo, kwenye gari dogo la stesheni, lile la mraba, sura kama kabati lenye magurudumu. Nimemwomba, nikalikalia pale kwenye maegesho wakati wa chai. Mlango unafunguka karibu wote. Paa liko juu, huinami. Kizingiti cha mlango kiko chini, huinui mguu sana. Unageuza mgongo, unakaa kama unavyokaa kitandani, halafu unaingiza miguu mmoja mmoja. Nyuma fremu ya Mama inaingia bila kukunjwa. Kona zake unaziona zote ukiwa kwenye usukani, kwa hiyo kuegesha hutapata taabu. Ubaya wake ni kwamba kwenye barabara kuu upepo unapiga kelele (wewe hutausikia), na linakula mafuta kidogo zaidi maana linausukuma upepo kwa kifua.

Mimi bado nataka jipya. Lakini kama umeng'ang'ania lililotumika, basi nakuomba mambo mawili tu. Pima kitanda ambacho Mama anainuka bila kusaidiwa, kutoka sakafuni hadi godoro, kisha pima kiti cha gari. Na kabla ya kununua, Mama alikalie. Na sumaku chukua, Baba, haina uzito mfukoni.

Kitindamimba wako

2 Februari

Mwanangu,

Nashukuru kusikia umepata viatu. Huku salama, joto tu.

Sumaku ni ya wanagenzi. Hilo tulimalize.

Nimeangalia matatu, yote ya mraba kama ulivyotaka. La kwanza jekundu, linang'aa. Nikainua zulia la miguuni, chini kuna tope kavu. Lile limewahi kulala kwenye mafuriko, siku moja waya zote zitakufa kwa pamoja. La pili la mwalimu mmoja mstaafu, ndani safi hata karanga haijawahi kudondoka, ila injini ikipashwa moto inatoa moshi wa bluu. Mwalimu akaniambia ni mvuke. Nikamwambia, mwalimu, mimi sikusomea kwako.

La tatu ndilo. Jeupe, la miaka tisa, injini inaunguruma vizuri (nimeweka kiganja juu yake, mtetemo ni wa kawaida), matairi bado mazima, milango inafunga. Muuzaji anasema halijawahi kugongwa hata na baiskeli. Nimelipapasa mbavu zote mbili kuanzia taa mpaka taa. Bodi safi. Mama yako sikumpeleka, uwanja wa yule muuzaji una mashimo. Kiti nimekipima kwa macho, kiko sawa.

Nimelinunua jana. Mama yako ametoa gauni lake la kitenge kwenye sanduku, ananiambia Jumamosi ni kwa dada. Nimelipeleka gari kwa Kinyonga alitazame rangi kidogo kwenye bampa. Unamkumbuka Kinyonga, yule fundi rangi wangu tuliyefanya naye kazi karakana moja. Kesho kutwa linarudi.

Baba yako

24 Februari

Shikamoo Baba,

Natumaini mko wazima, mimi sijambo. Mbona kimya? Mama nikimpigia anasema nikuulize wewe. Nimeshika roho mkononi nasubiri kusikia habari za Jumamosi. Mama mkubwa alilia? Mama aliingia vizuri? Niandikie kila kitu, hata mlivyogombana njiani.

Kitindamimba wako

18 Machi

Baba,

Shikamoo. Sitauliza hali, maana Mama ameshaniambia. Kumbe hajaenda popote! Anasema gari liko kwa Kinyonga wiki sita sasa. Mara unasema karatasi hazijakamilika, mara betri, mara Kinyonga ana homa. Anasema Jumamosi tatu mfululizo amevaa, akakaa ukingoni mwa kitanda na mkoba mapajani, na saa sita ukaja kumwambia bado. Ya nne hakuvaa.

Na mama mkubwa wiki iliyopita karudishwa hospitali siku mbili. Ulijua? Unajua, maana Mama amesema ulikuwepo simu ilipopigwa.

Baba, nimekasirika na sijui namna ya kukukasirikia. Hujawahi kunidanganya. Gari lina nini? Kama limeharibika, sema. Kama umeuza, sema. Lakini usimwache Mama akae na mkoba.

Binti yako

27 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Una haki.

Lile gari ni magari mawili.

Nilipompelekea Kinyonga, alilizunguka mara moja, akaingia ndani kuchukua sumaku yake. Akaiweka kwenye nguzo ya mlango wa abiria, ikadondoka. Akaiweka chini yake, ikadondoka. Akatoboa kidogo na bisibisi. Pati imejaa unene wa kidole. Nusu ya mbele ni ya gari moja, nusu ya nyuma ni ya jingine, wameyakata na kuyaunga kwa kulehemu, na mshono umepita pale pale mama yako angekaa. Likigongwa ubavuni linafunguka kama boksi la biskuti. Kinyonga hakucheka. Bora angecheka.

Mwanangu, pale pale nilikuwa nimepapasa. Siku ile kwa muuzaji nilifumba macho, nikapitisha mkono, sikuhisi kitu, na nikasema bodi safi. Ukweli ni kwamba sihisi kitu popote. Tangu mwaka jana vidole vimekufa ganzi. Daktari anasema ni ile mashine ya msasa, miaka yote ikinitetemesha mikono, mishipa imechoka, haitarudi. Naweza kushika usukani, naweza kushika kijiko. Ukiniwekea pati na bati, sijui lipi ni lipi. Sikumwambia mtu. Masikio yalipoondoka nilisema sawa, vidole bado ni fundi. Sasa ningesema nini?

Kwa hiyo nilidanganya. Karatasi, betri, homa ya Kinyonga, vyote uongo. Nilikuwa nafikiri nitapata jingine kimyakimya kabla hamjajua. Nikaenda kutazama mengine manne, na kila nikiweka mkono najiuliza hili nalo je, naondoka. Mama yako anavaa gauni, mimi nazunguka mjini kuogopa mabati.

Jana tulikwenda kwa muuzaji mimi na Kinyonga na sumaku. Kinyonga aliibandika mbele ya wateja wengine wawili, akaiacha idondoke, akaiokota, akaibandika tena. Mara ya tatu muuzaji akasema tuyamalize ofisini. Gari amelichukua, fedha amerudisha. Mama yako nimemweleza jana hiyo hiyo. Amenitazama sana, akasema, "Kaa chini ule." Nisamehe, mwanangu.

Baba yako

8 Aprili

Shikamoo Baba yangu,

Pole. Pole ya kweli. Umekula? Umelala? Kinyonga mwambie namsalimu, na mwambie asiendelee kutocheka, unahitaji mtu wa kukucheka.

Nakwambia jambo, usinune. Vidole tulijua. Mama aliniambia tangu mwaka jana. Anasema ulianza kuvaa fulana, wewe mtu wa mashati, na siku moja alikuona unahangaika na kifungo cha juu mpaka ukakata tamaa ukajifanya unasikia joto. Tangu hapo usiku anakufungia vifungo vyote kabla ya kutundika shati, ili asubuhi ulivae kwa kichwa tu. Ulidhani mashati yamejifunga yenyewe? Ndiyo maana mimi nilikuwa naimba jipya, jipya. Sikuthubutu kukuambia sababu. Kwa hiyo uongo hukusema peke yako, Baba, mimi na Mama tulikuwa na wetu. Ningekuambia wazi mwezi wa kwanza, Mama angekuwa ameshamwona dada yake. Hilo linaniuma.

Sasa tuache kuogopana. Nendeni dukani kwa magari mapya, wewe, Mama na Kinyonga. Teksi ya kwenda ikodini ile ya kubebea wagonjwa, ina ubao wa kupandia, nimeshaongea na Mama amekubali mara moja tu, kwa kuwa ni kwenda kuchagua gari lake. Na safari hii anayekagua ni Mama. Wewe simama pembeni.

Kitindamimba wako

4 Mei

Mwanangu,

Salamu nyingi. Naandika nimeegemea boneti, usishangae mwandiko.

Tumelipata. Dukani walikuwa na matatu ya mraba, na mama yako ameyakalia yote, na yule dada wa mauzo nusura alie. La kwanza kiti kiko chini, akasema hili ni kaka wa ile teksi. La pili liko juu, kizingiti kirefu, akasema yeye si wa kupanda punda. La tatu lilikuwa lile wanalotumia wateja kulijaribu barabarani, si jipya kabisa wala si kuukuu, lina mwaka mmoja na mkwaruzo kwenye mlango wa nyuma. Kitanda nilikuwa nimekipima. Kiti chake kilitofautiana nacho kwa upana wa kidole. Akageuza mgongo, akashika nguzo ya mlango, akakaa. Akaingiza mguu mzuri, akaingiza mguu mbaya. Mimi nimenyoosha mikono kama mtu wa kudaka mpira, hakuna wa kudaka. Akavuta mlango, akaufunga mwenyewe, akanitazama kupitia kioo. Mwanangu, nilikwenda nyuma ya gari nikalia. Kinyonga akajifanya anakagua tairi.

Naye Kinyonga alipitisha sumaku bodi nzima, kila mahali ikashika. Nilimwachia kazi yake. Na jana nyumbani mama yako alinifungia kifungo cha juu mbele ya macho yangu, mchana kweupe, na sikusema kuna joto.

Leo ndiyo leo. Tumefika kwa mama yako mkubwa saa nne. Ngazi mama yako haziwezi, hilo tulilijua, tulidhani wataonana mmoja dirishani na mwingine chini, wapungiane. Dada yake hakukubali. Ameshuka ghorofa tatu, kila kituo anakaa, mimi nyuma yake na kigoda. Imetuchukua karibu nusu saa. Alipofika, mlango wa dereva ulikuwa wazi, akaingia akakaa mahali pangu, kichwa hakikugusa paa. Mama yako akamshika uso kwa mikono miwili. Nikafungua mlango wa nyuma nami niingie.

Mama yako akaniambia, "Wewe unaenda wapi? Shuka, tuna mambo yetu."

Basi nimeshuka, kwenye gari langu mwenyewe. Vioo wamepandisha. Wamelia, wamefuta macho kwa kitambaa kimoja, sasa wanacheka, mabega yanatikisika. Miguu inaniuma, nilikwenda kugonga kioo kuuliza kama bado sana. Mama yako amenipungia mkono niende zangu. Ngoja nizunguke mtaa mara moja, nikirudi nitamalizia barua.

Nimerudi. Bado wanaongea.

Baba yako