Dari Iliyokemewa

Kariakoo,
6 Februari 2023

Mwanangu Schola,

Habari za Moshi, habari za mumeo Godbless na wajukuu zangu? Mimi sijambo, goti la kushoto tu ndiyo linanidai ujana wangu. Barua hii nampa konda wa basi, maana simu yangu ya pili imechomolewa mfukoni pale Msimbazi, na wewe ulishasema ya tatu ninunue mwenyewe. Usinicheke mwandiko. Herufi zangu nilizipata kisomo cha watu wazima, na mwalimu alisema nina akili kuliko yeye. Alisema kimoyomoyo, lakini nilimsikia.

Sasa sikia. Pale dukani kwa Gaurav, ninapofungua milango na kufagia, dari imeanza kulia. Dari ya zege kabisa, iliyobeba ghala la vitenge juu yake. Inasaga meno kama mtu mwenye homa. Wabeba mizigo wakasema jini. Gaurav akasema, "Mzee Tarsis, mi naona nifunge wiki nzima, niite fundi." Vijana wakaniangalia mimi, maana duka likifungwa wao wanashinda njaa. Nikamwambia, "Bosi, usifunge. Nipe asubuhi tatu."

Unajua kila siku kabla ya kufungua nasali na vijana pale mlangoni: Mungu atupe amani ya siku ya leo, malaika wasimame kwenye ngazi, husuda na ajali vipite mtaa wa pili. Waislamu wanakunjua mikono, Gaurav naye kashika vijiti vyake vya udi, anangoja nimalize ndiyo awashie mungu wake. Basi safari hii nikaikemea dari. Nikaisemesha kwa jina la Yesu, kwa sauti ile ile iliyomtimua chui kule kwetu Muleba. Asubuhi ya tatu, kimya. Hata Badria, mama wa cherehani anayekaa chini ya dari hiyo hiyo, mtani wangu mkubwa, kaniambia, "Babu wa malaika, leo nakubali."

Fundi hakuitwa tena. Ana kazi gani?

Baba yako,
Tarsis


Moshi,
9 Februari 2023

Shikamoo Baba,

Sisi wazima, sijui wewe na hilo goti. Watoto wanauliza chui alikuwa mmoja au wawili, maana mwaka jana walikuwa wawili.

Baba, nilivyomsomea Godbless barua yako alikuwa anakula, akaacha kula. Unajua yeye zege ndiyo kazi yake. Anasema hapo hakuna jini. Dari ikilia imebeba kuliko nguvu zake, na ikinyamaza si kwamba imepona. Washushe mzigo wote, wasimamishe nguzo za chuma chini, na mtu asikae hapo mpaka fundi aione. Amekuchorea kwenye ukurasa wa pili, na tarehe juu yake, nguzo zisimame wapi. Mpe Gaurav, mkononi, leo hii.

Mimi nasali, Baba, wewe ndiye uliyenifundisha. Lakini usimpe malaika kazi ya nguzo. Mpe bosi karatasi kwanza, halafu sali.

Mwanao,
Schola


Kariakoo,
14 Februari 2023

Mwanangu Schola,

Marahaba. Mzima kama jiwe. Chui walikuwa wawili, wa pili alijificha nyuma ya wa kwanza, waambie hivyo.

Karatasi imefika na nimefanya ulivyosema. Gaurav kavaa miwani, kaisoma mbele na nyuma, kaipindua, kasema, "Huyu mkweo ni injinia, huyu." Nguzo zinakuja wiki hii. Mzigo wanashusha. Kwa hiyo tulia. Mimi siku hizi nasali pembeni tu, kama kibarua wa Mungu.

Baba yako,
Tarsis


Moshi,
20 Februari 2023

Shikamoo Baba,

Tuko salama, nawe tunakuombea hivyo hivyo. Nimefurahi mpaka nimeimba jikoni. Godbless kasema kuanzia leo tusimwite jina, tumwite injinia. Jana nimetoa nia ya shukrani kanisani, nimetaja duka lote, na Badria pia ingawa simjui.

Nguzo zikisimama niandikie ziko ngapi. Godbless anauliza.

Mwanao,
Schola


Moshi,
6 Machi 2023

Shikamoo Baba,

U mzima? Hujajibu.

Juzi redioni wamesema dari ya duka la vitenge imeanguka Kariakoo siku ya Alhamisi, na watu wawili wamefariki. Hawakutaja duka. Nimejiambia si kwa Gaurav, kwa Gaurav kuna nguzo.

Niambie tu zilikuwa ngapi. Nisipopata barua mpaka Ijumaa, Godbless anapanda basi.

Schola


Kariakoo,
9 Machi 2023

Mwanangu Schola,

Mimi mzima. Godbless asije.

Nguzo hazikuwepo, hata moja. Ile habari ya Gaurav na miwani niliitunga. Barua yako niliisoma nimekaa kwenye ngazi, ule ukurasa wa Godbless nikaukunja mara nne nikautia mfuko wa shati. Dari ilikuwa kimya wakati ule. Mtaa mzima walikuwa wananiita mzee wa dari, maduka ya jirani wananipa chai nikasali mlangoni kwao. Nikaona nikitoa ule mchoro ni sawa na kusema sikufanya kitu. Nikasema nitampa kesho. Kesho zikawa nyingi. Mzigo wa Idi ukaingia, marobota yakapanda juu.

Alhamisi saa nne asubuhi ikalia tena. Badria alisikia kabla yetu. Akabeba kigoda chake akatoka mpaka barabarani, cherehani kaiacha. Wateja wakaanza kumfuata. Hapo nikaogopa, Schola. Sikuogopa dari. Niliogopa watatoka wote, halafu watanitazama. Nikamwita, "Badria, rudi ndani, si nimeshaikemea." Akacheka. Akasema, "Haya babu, ukinidanganya nakufuata mpaka Muleba." Akarudi, akakaa, akawa anatia uzi kwenye sindano. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni iliposhuka.

Mwingine ni Twaha, mbeba mizigo. Alikuwa katikati ya ngazi.

Sasa watu wananishukuru. Wanasema watu wanane waliotoka salama wameokolewa na sala ya mzee Tarsis. Jumatatu Gaurav kapanga chumba mtaa wa nyuma, cha kuweka vitenge vilivyopona. Vijana wakavua kofia wakanisubiri nisali, kama siku zote. Nikasema, "Mungu atupe amani," nikaishia hapo. Gaurav akanishika bega, akidhani namlilia Badria. Nikamtolea ukurasa wa Godbless. Akasoma tarehe, akaangalia mchoro, akanirudishia, akaingia ndani.

Jana nikaenda Magomeni kwa Ismail, mume wa Badria. Akanipa kiti. Akasema, "Mzee, marehemu alikuwa akirudi anatuhadithia utani wako." Nikamwambia yote, kuanzia karatasi. Hakupandisha sauti. Akauliza, "Ulimwita kwa jina?" Nikasema ndiyo. "Akajibu nini?" Nikamwambia. Akasema niseme tena, vile vile alivyosema yeye. Nikasema tena.

Halafu akasema, "Watoto wako shule. Rudi kesho saa kumi, wawepo. Uwaambie wewe, siyo mimi."

Hiyo kesho ndiyo leo, na sasa ni saa nane. Nimeshavaa. Mkubwa ana miaka kumi na moja, huyo ataelewa. Mdogo ana sita. Huyo ataniuliza kukemea maana yake nini.

Baba yako,
Tarsis