Msomee Baba Peke Yake

Chemba, 29 Januari 2023

Mwanangu Wilbert,

Pokea salamu zetu. Mkeo Yudith na wajukuu zangu hawajambo? Sisi wazima, isipokuwa mama yako mgongo unamsumbua tangu ajifungue. Ndiyo, amejifungua! Wa tisa huyo, mvulana, sauti yake kama honi ya basi. Usinune.

Kwenye simu kila siku upo kikaoni, ndiyo maana naandika. Nasema kwa Kisandawe, mdogo wako Joshua anageuza kwa Kiswahili, na majibu yako atanisomea yeye. Barua anabeba konda wa basi.

Mwanangu, wadogo zako Emiliana na Sostenes wamemaliza kidato cha nne pamoja, maana Emiliana alichelewa kuanza shule akilea wadogo zake. Emiliana anautaka uuguzi, hasikii wala haoni. Sostenes anataka chuo cha serikali za mitaa, kile cha Hombolo. Ulipopata kazi ulisimama mbele yetu sote ukasema utawavuta wenzako. Haya, vuta! Shamba la marehemu babu yako tuligawana sisi ndugu, na nyinyi mkiligawana tena, kila mtu atapata mahali pa kusimama tu.

Kama wote wawili hawawezekani, chagua wewe uliyesoma. Mimi ni baba wa wote, siwezi.

Ni mimi baba yako,
Bernardo


Dodoma, 19 Februari 2023

Baba, shikamoo. Mama naye shikamoo, na pole ya mgongo.

Sisi huku hatujambo. Hongera ya mtoto naitoa shingo upande, sitaki kukudanganya. Kazi yangu kwenye mradi huu wa vijana unaijua? Kila wiki nasimama kwenye semina nawaeleza wakubwa kwamba wingi wa vijana ni mtaji wa nchi, ili mradi kila kijana apate shule, afya na ajira. Wananipigia makofi. Narudi nyumbani nakuta barua ya mtoto wa tisa. Baba, wewe hukuzaa mtaji, umezaa midomo. Mimi na Yudith tuna wawili tu na tunahema.

Joshua, kuanzia hapa msomee Baba peke yake. Wengine watoke.

Nitamsomesha mmoja, naye ni Sostenes. Emiliana hapana. Kichwa chake kizito tangu utotoni. Mmesahau alivyokuwa akisoma kwa kukwamakwama mpaka tunashika mbavu kwa kucheka? Huyo akiwa nesi ataua watu. Alichojaliwa ni sura, na sura haikai. Mwozeni mapema kwa mtu mwenye mifugo, kabla hajawaletea mdomo wa kumi hapo nyumbani. Mahari yake imnunulie Sostenes godoro na sare.

Ni maneno machungu lakini lazima mtu ayaseme.

Mwanao,
Wilbert


Chemba, 26 Machi 2023

Mwanangu Wilbert,

Salamu kwako na kwa nyumba yako. Sisi tunamshukuru Mungu, ingawa mvua imetukimbia na alizeti imenyauka.

Joshua hayupo. Aliondoka kwenda Makutupora kwenye vibarua vya zabibu, barua yako ikaja nyuma yake. Sasa anayenisomea ni Emiliana, maana Sostenes anashinda malishoni.

Tulikaa wote uani kama kawaida. Alipofika pale unaposema wengine watoke, nikawafukuza wadogo, nikabaki na mama yako. Nikamwambia Emiliana, haya, soma. Akasoma. Hakukwama hata neno moja, Wilbert! Sauti yake ilikuwa ile ile, kama anasoma somo kanisani. Mama yako akamwambia, inatosha mwanangu. Akajibu barua haijaisha. Pale pa mahari sikuelewa vizuri, nikamwambia arudie, akarudia.

Nimefanya ulivyoelekeza. Sila, yule mchuuzi wa ng'ombe wa mnadani, amefiwa na mke na ana watoto sita wanaohitaji mama. Ameleta ng'ombe wazuri. Nilimuuliza Emiliana kama ameridhia, akasema, "Kaka ameshasema." Harusi ni baada ya Pasaka. Sostenes atakuja kwako na kila kitu chake.

Haya yote anaandika yeye mwenyewe. Nimemwambia kama ana neno lake aongeze. Amesema hana.

Baba yako,
Bernardo


Dodoma, 9 Aprili 2023

Baba, shikamoo.

Barua yako imenimaliza nguvu. Ningejuaje kwamba Joshua ameondoka? Emiliana mdogo wangu, kama ndiye unayesoma, usiniweke moyoni. Niliandika nikiwa nimechoka.

Nilifikiria kuomba harusi isimame kwanza. Lakini Yudith anasema mambo ya Sostenes yameshapangwa, tukirudisha ng'ombe tutavuruga kila kitu, na nimeona ana hoja. Sila ni mtu mzima, atamtunza. Siku ya harusi nitakuwa semina, kwa hiyo sitafika. Mnitumie picha.

Mwanao,
Wilbert


Dodoma, 15 Septemba 2024

Baba, shikamoo. Poleni na jua. Mama anaendeleaje?

Nimekaa kimya muda mrefu, naomba radhi. Nilikuwa naona aibu. Mradi umefungwa, wafadhili wameenda zao, na tangu Machi sina kazi. Kote ninakopeleka barua ya maombi nakuta foleni ya watoto wenye digrii kunizidi. Yudith amechukua watoto wamerudi kwao. Sostenes amemaliza chuo na anazunguka mjini na bahasha yake, jioni tunagawana uji.

Baba, nataka kurudi nyumbani kulima kabla mvua hazijaanza. Ulisema zamani kwamba shamba la korongoni, fungu lako la urithi wa babu, ni la mzaliwa wako wa kwanza. Naliomba, na naliomba lote. Tukilikatakata halitamtosha yeyote. Hao wadogo wakikua waende vibarua kama Joshua, hawatakuwa wa kwanza. Tafadhali twende kwa mtendaji wa kijiji mapema liandikwe jina langu, kabla hawajaanza kudai.

Bila hilo shamba, Baba, sijui nitakwenda wapi. Kama Joshua amerudi, akusomee yeye. Libaki kati yetu wanaume.

Mwanao,
Wilbert


Chemba, 6 Oktoba 2024

Kaka Wilbert, shikamoo.

Natumaini hujambo. Huku wote wazima. Mama mgongo ule ule. Mimi nalea sita wa Sila na mmoja wangu, na mwingine yuko njiani.

Joshua hajarudi. Sila ananiruhusu kwenda kwa Baba kila Jumapili, kwa hiyo msomaji bado ni mimi. Barua yako ilipofika Baba aliwaita wote uani. Niliisoma kwanza kimoyomoyo, wakinisubiri. Kisha nikaisoma kwa sauti, kwa Kisandawe.

Nilisoma kwamba kazi inakwenda vizuri na umepandishwa cheo. Nilisoma kwamba shamba la korongoni hulihitaji, na unamwomba Baba awagawie wadogo zako wote kabla ya mvua, wa kiume na wa kike. Baba alilia mbele za watu. Kesho yake Sila aliniruhusu tena, tukaenda kwa mtendaji, likaandikwa jina la kila mmoja, Baba akaweka dole gumba. Mimi sikujiandika. Ulisema kweli, vipande ni vidogo na havimtoshi yeyote. Wameshaanza kung'oa visiki.

Ukitaka kutengua, njoo. Baba utamwambia mwenyewe, wakiwa wamekaa wote wanakusikiliza. Mimi sitakuzuia na wala sitakusaidia.

Haya ya mwisho ni maneno ya Baba, sijaongeza wala kupunguza. Anasema majirani wamemcheka miaka yote kwa wingi wa watoto, na sasa amewajibu kwa barua yako. Anasema angekuzaa wewe peke yako, ingemtosha.

Mdogo wako,
Emiliana