Mafiga ya Langoni mwa Kambi

Mwangaluka, mayu, mama yangu.

Kambi imefungwa. Naanza na hilo maana hukupenda mtu wa kukuzungusha. Malori yalibeba askari, wake zao, watoto, hata kuku wao, na siku ya tatu lango likafungwa kwa mnyororo. Wale askari vijana waliochimba kaburi lako, wakakataa hata maji mpaka wamalize, nao wameondoka.

Wakubwa wanasema ni mageuzi ya uchumi. Mimi ninachokiona ni vyumba vya jirani yetu Mama Minza. Alikuwa akipangisha familia za askari, sasa analaza mbuzi humo. Shuleni madarasa mawili yameunganishwa kuwa moja. Mashine ya kusaga inawashwa siku ya mnada tu.

Na mimi, mwanao mjinga, Jumatatu iliyofuata nilipika michembe, viazi vyetu vitamu vya kukausha, debe zima na karanga zake, kipimo chako kile kile. Nilikaa langoni, pale ulipokuwa ukiwauzia askari chakula, na chungu mpaka jua likanichoma kisogo. Hakuja mtu. Nililia, mayu, na si kwa ajili ya chakula. Uliniambia ukiwa mgonjwa kitandani, "Moto wa langoni usizimike," nami nikaitikia.

Nimeuzima. Nisamehe. Watoto lazima wale. Alhamisi tunahamia Lamadi, kando ya barabara kuu, kwenye wavuvi na magari. Nimeng'oa mafiga yako matatu, yale uliyokuja nayo kutoka Maswa ulipoolewa, watu wakakucheka kwamba bibi harusi analeta mawe Bariadi kana kwamba huku hakuna mawe. Uliwajibu, "Haya yananijua." Mama Minza aliponiona nayafunga kwenye gunia hakucheka. Alinisaidia kubeba.

Sijui kama watu wa ziwani watapenda michembe. Lakini hata askari wa pwani walikunja pua mwanzoni, wewe ukawatazama tu, na mwezi haukuisha wakawa wanagombea ukoko.

Moto utawaka, mayu, juu ya mafiga yale yale. Hilo nakuahidi. Na kila mvua zikianza nitakuja kupalilia kaburi lako kabla sijapalilia kitu kingine.

Sasa kwaheri. Tarumbeta ya alfajiri, ile iliyokuamsha miaka yote ukainjike chungu, haipigwi tena. Lala mpaka jua litoke.

Mwanao,
Kabula