Malalamiko ya Abdia Dida na Picha za Kitabu Zilizosambaa

USHIRIKA WA MAZIWA WA MTO MMOJA, GARSEN
Kikao cha dharura cha kamati, Jumanne, 17 Juni 2025, ofisini, saa nne asubuhi.

Waliohudhuria: Bw. Mahadi Jilo (mwenyekiti), Bi. Sabdio Galgalo (mweka hazina), Bw. Charo Menza (mjumbe, Kilelengwani), Bi. Truphena Katana (katibu).
Mwalikwa: Abdia Dida, mpimaji maziwa.
Aliyekosa kwa udhuru: Bi. Elsie wa Kau, alikosa mtumbwi.

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kwa dua na kuomba mlango ufungwe. Alikumbusha kwamba tarehe 3 Abdia alilalamika kuwa msimamizi wa kituo cha maziwa, Bw. Liban, alimfungia katika chumba cha mapipa na kumshika kwa nguvu. Mwenyekiti alizungumza dakika ishirini juu ya heshima ya ushirika. Juu ya Abdia alitumia dakika moja.

KUMB. NA. 2/6/2025: PICHA ZA KITABU
Kwa desturi, baada ya kila kikao katibu hupiga picha kurasa za kitabu hiki cha kumbukumbu na kuzituma kwenye WhatsApp ya wanachama, ili wa Kau na Kilelengwani wasikose habari. Tarehe 5 alizituma kama kawaida, bila kufikiri. Ukurasa wa pili ulikuwa na malalamiko yote, jina la Abdia, namba yake ya simu na mahali anapokaa. Katibu alizifuta baada ya saa moja, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Alikiri kosa ni lake na akamwomba Abdia radhi.

Abdia alieleza kwamba tangu siku hiyo anapigiwa na namba asizozijua. Wengine wanacheka, wengine wanapumua tu. Picha yake aliyopigwa kwenye harusi ya dadake imewekwa mtandaoni na maneno ya aibu. Juzi alitumiwa picha ya mlango wa nyumba yake, umefungwa, na viatu vyake nje.

KUMB. NA. 3/6/2025: MASLAHA
Mwenyekiti alipendekeza wazee wa pande mbili wakae maslaha, yaani suluhu ya kimila, ng'ombe watolewe, na malalamiko yafutwe, kwa kuwa ya ndani hayatolewi nje. Bw. Charo aliuliza kama mwenyekiti na Bw. Liban si mashemeji. Mwenyekiti alijibu kwamba hilo halimo kwenye ajenda.

Wakati huo ilibainika kwamba Bw. Liban ameketi juu ya pikipiki yake nje ya dirisha, akitazama ndani. Wajumbe walishusha sauti. Katibu alihamisha kiti chake mbali na dirisha.

Abdia aliulizwa kama anakubali maslaha. Bi. Sabdio alishauri angalau jina lake lisiandikwe tena. Abdia alisema: "Mama, jina langu mlitoa bila kuniuliza. Leo natoa mwenyewe. Andika, mimi Abdia Dida naogopa, na sifuti."

KUMB. NA. 4/6/2025: MENGINEYO
Katibu aliomba nafasi. Alieleza kwamba Agosti mwaka jana Bw. Liban alimfanyia yeye yaleyale, katika chumba kilekile. Alinyamaza akihofia kazi yake. Angesema, Abdia asingewekwa chini ya mtu huyo. Mwenyekiti aliagiza maneno haya yasiandikwe. Yameandikwa.

Iliazimiwa, kura tatu kwa moja, kwamba ukurasa huu usipigwe picha, na malalamiko yapelekwe leo polisi, dawati la jinsia.

KUFUNGA
Kikao kilivunjika saa sita na robo. Bi. Sabdio alitangulia kutoka, Abdia katikati, katibu nyuma na kitabu. Bw. Liban aliwasha pikipiki akawafuata polepole hadi kituo cha polisi. Mistari hii imeandikwa kwenye benchi la polisi. Pikipiki bado iko nje, na tumeitwa kuingia.

Mwenyekiti: amekataa kutia sahihi.
Katibu: Truphena Katana, mlalamikaji wa pili.