Kitabu Nimekimaliza, Faridi

Mwaka umetimia, Faridi, tangu moyo wako uliposimama ukiwa chini ya lori, kwenye gereji yenu ya Zone Industrielle, mtaa wa viwanda, spana mkononi. Walikuleta nyumbani Carama ukiwa na mafuta ya gari kwenye kucha. Tulikuosha na kukuswalia, lakini mafuta yale hayakutoka yote.

Tunaokuandikia ni sisi wa nyumbani kwako, na mkono unaoandika ni wangu, Khadidja, mkeo. Unajua kwamba mkono huu ulishika kalamu kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka arobaini na sita.

Ulikuwa mtu mpole. Viatu vyako uliviacha daima vikitazama nje, ukisema fundi huitwa wakati wowote. Na kweli uliitwa, na hukumwacha dereva njiani hata siku moja.

Jumapili mchana, gereji ikiwa imefungwa, ulituwekea ile filamu ya Kifaransa iliyotolewa kwenye riwaya ya zamani. Mama mwenye nyumba ya wageni kando ya mto anamngoja mwanawe aliyekwenda vitani. Sikujua Kifaransa, kwa hiyo ulinitafsiria huku ukitafuna karanga. Mwishoni mgeni anabisha hodi, koti la kijana mkononi. Mama analikumbatia na kulia.

"Anasema nini?" nilikuuliza kila mara, ingawa jibu nilikwisha kulijua.

"Anasema, mama, mutoto wako amenituma nilete koti, yeye anakuya nyuma."

Nami nililia kwa furaha, mpaka binti yetu Asiya akatucheka: "Mama, kila Jumapili unalia! Huyu mutoto akuye basi, tupumzike!"

Tuliipenda filamu ile kwa sababu na sisi tulikuwa na wetu wa kungoja. Kifungua mimba wetu, Ilyasi, alivuka mpaka kwenda Tanzania mwaka 2015 pamoja na waliokimbia machafuko, akiwa na miaka kumi na tisa. Mwaka uliofuata ulimfuata hadi kambi ya wakimbizi, upande wa Kasulu. Ulirudi na sweta yake ya kijani. Ulisema umeambiwa amepita kwenda Zambia kutafuta kazi, na sweta ilikuwa imembana akawaachia wenzake. "Mupe Asiya," ulisema. Asiya akaenda nayo shuleni miaka mitatu.

Ndipo nilipojiandikisha masomo ya jioni. Nilitaka barua ya Ilyasi ikifika niisome mwenyewe. Wewe ndiye uliyeninunulia daftari. Wewe ndiye uliyeningoja langoni, na ovaroli yako, nikitoka darasani.

Kila mwaka ulirudi huko, kufuata habari zake. Mara moja ulinichukua. Njiani, Rumonge, tulikula samaki mukeke wa kuchoma, ukanitolea miiba kama mtoto, na mpaka leo hiyo ndiyo safari niliyoipenda kuliko zote. Lakini uliniacha Mabanda, karibu na mpaka, kwa shangazi yako Saliha. "We baki hapa, barabara ya mbele ni mubaya." Siku ya tatu ulirudi, magoti ya suruali yamejaa udongo mwekundu. Ulisema gari liliharibika ukaingia chini yake. Nilikufulia suruali ile nikiimba kaswida.

Baada ya arobaini yako, mwalimu wangu wa jioni Adélaïde, aliyekuwa amenianzishia Kifaransa, aliniazima kitabu chenyewe cha filamu ile, toleo fupi la wanafunzi. Wewe ulikuwa ukinikataza kwa utani: "Kitabu ya nini? Filamu inatosha. Kitabu inarefusha mambo." Nilikisoma miezi mitano, kidole chini ya kila neno. Ukurasa wa mwisho nilidhani nimekosea, nikaurudia mara tatu. Mgeni anasema: "Mwanao alinipa koti hili siku aliyokufa." Nikawasha filamu. Maneno ya mgeni yalikuwa yale yale ya kitabuni, si yale uliyonitafsiria.

Sikulia. Nilitoa sweta ya kijani sandukuni, nikaenda kwa mdogo wako Abdu.

"Shemeji, Ilyasi yuko wapi?"

Abdu aliitazama sweta, akakaa chini. "Alikufa mule kambini, Khadidja. Hata mwezi hakumaliza. Homa. Kaka walimuonyesha kaburi safari ya kwanza, na kila mwaka alienda kulipalilia. Mi nilimwambia, Kaka, umwambie mama yake. Akasema, 'Nikimwambia, atanyamaza, hataimba tena. Ngoja kidogo.' Kidogo ikakuwa miaka munane."

Hatutaficha, Faridi: tulikukasirikia. Siku nyingi nilisujudu na jina lako halikupanda mdomoni. Miaka yote hiyo nilimwombea mwanangu safari njema, riziki na mke mwema, naye amelala udongoni bila dua ya mama yake. Uliniachia tumaini ukaninyima kilio. Kilio chenyewe ulikibeba peke yako, na huenda ndicho kilichousimamisha moyo wako. Bado namwuliza Mungu ni lipi nikushukuru na ni lipi nikusamehe. Lakini jina lako limerudi kwenye dua zangu.

Ijumaa hii, baada ya swala ya alasiri, tutasoma hitima nyumbani, ya baba na ya mwana. Jumamosi Abdu atanichukua mimi na Asiya, na safari hii sitabaki Mabanda. Sweta nimeifua. Abdu anasema uliandika jina la Ilyasi kwenye kibao cha kaburi kwa rangi ya gari, herufi kubwa. Barua haikuja, Faridi. Nitakwenda kusoma hilo.

Tunaokukumbuka: mkeo Khadidja, binti yako Asiya, mdogo wako Abdu, shangazi yako Saliha wa Mabanda, na mafundi wenzako wa gereji.

Hatutainuka kwenye mswala bila kukutaja, siku zote tulizobakiwa nazo. Sasa mko wawili.