Dakika Mbili Nilizoomba kwa Kiingereza Chako

Mwalimu,

Ulikufa Jumanne, wiki tano zilizopita, siku ya somo letu, na mimi nikapoteza mtu wa pekee Eldoret nzima aliyejua kwamba sikumaliza shule. Wateja wa duka langu hawajui. Watoto wangu hawajui, wanadhani mama ana cheti kilichopotea tukihama. Wewe ulijua, na umeenda na hiyo siri yangu bila hata kuniaga.

Nilikuwa nimeshabandika maji ya chai. Saa nane, saa ya somo, ikapita, saa nane na nusu, nikasema mzee amekwama mahali anabishana na watu juu ya bei ya mahindi. Saa tisa binti yako Chebet akapiga simu. Nilizima jiko. Nikamuuzia mtu dawa ya kupe, nikampa chenji yake sawasawa, halafu nikaingia nyuma ya mifuko ya chakula cha ng'ombe nikakaa chini.

Nina hasira na wewe. Acha niseme. Chebet ameniambia ulijua ugonjwa wako tangu Januari. Kutoka Januari tumesoma mara thelathini na moja, nimehesabu kwa daftari, na kila nikiuliza hicho kikohozi ni cha nini ulisema ni vumbi la kwenu Moiben. Mara thelathini na moja, Mwalimu! Ningejua, singekuacha ukalie gunia. Ningekununulia kiti chenye mgongo. Ningefunga duka nikupeleke hospitali mimi mwenyewe. Haki hukunitendea vizuri.

Siku uliyokuja kununua mbegu uliniona nikipiga hesabu ya ekari na mifuko kwa kichwa, ukaniuliza nilisomea wapi. Nikadanganya. Uliporudi kuchukua mbolea ukauliza tena, na sijui ni nini kilinishika, nikakueleza yote: Timboroa, Form Two, ile baridi iliyounguza viazi vya baba, mimi na ndoo ya karoti kando ya barabara ya Nakuru, na shule nikaiacha hivyo. Ulisikiliza mpaka mwisho. Kisha ukasema, "Mama Shiro, mtihani wa Form Four hauulizi mtu miaka."

Hesabu nilikuwa nayo. Kiingereza ndicho kilikuwa kinanitupa. Nilikuwa nasema "Can you bring for me" kama watu wote hapa, na wewe ukashika kichwa. "Hiyo *for* iache Timboroa." Ukanionyesha kwamba sisi tukisema nipe, niletee, nionyeshe, yule mtu anayepewa tumemmeza ndani ya neno. Wenye Kiingereza wanamweka nje, mahali pake: kwanza lile neno la kulainisha, *could* ama *would* ama *might*, halafu tendo, halafu mtu, kitu kinakuja mwisho. *Could you give me the spray. Would you show him the receipt. I might sell you one bag.* Ulinifanya nikaombe kila kitu kwenye duka langu mwenyewe, rafu moja baada ya nyingine, kama mgeni.

Mimi nikatengeneza mizani. *Will* nikaipa kumi, *can* nane, *may* tano, *might* tatu. Mtu akisema *I might give you*, nihesabu tatu kwa kumi, nisingoje. Ulicheka mpaka kikohozi kikakushika. "Wewe mama unapima *might* kwa kilo?" Nami nikacheka na wewe. Nilicheka, na wewe ulikuwa unakufa.

Sasa nikuambie ya mazishi, maana najua hukusikia.

Nilimwambia Chebet aniweke kwa programu, nambari tisa, na aandike *Mwanafunzi*. Si rafiki, si jirani. Mwanafunzi. Watoto wangu walikuwa hapo, wateja wangu kutoka Soy na Moiben walikuwa hapo, na mimi nilikuwa nimeamua: leo wajue. Niliandika sentensi kumi na moja za Kiingereza na hakuna hata moja iliyokuwa na ile *for*. Tulikuwa tumefika nambari saba wakati magari ya mheshimiwa mbunge yalipoingia. Yule MC aliyekuwa akiendesha programu akasema kwa sababu ya muda tutaruka nambari nane mpaka kumi na tatu.

Nikainuka. Mbele ya watu wote nikaenda mpaka pale kwa meza, nikasema polepole vile ulinifundisha, "Could you give me two minutes, please?" Kila neno lilikuwa mahali pake. Ungefurahi. Na yeye akafunika maikrofoni na kiganja, akasema, "Mama, keti bwana, mheshimiwa ana mazishi mengine mawili."

Nilikaa. Mheshimiwa aliongea dakika arobaini na tatu, nilikuwa naangalia saa. Jina lako alilitaja mara mbili, na mara moja alikosea. Kisha wakakuteremsha.

Ulinifundisha kuomba, Mwalimu. Hukunifundisha mtu akishaomba vizuri na akanyimwa, anafanya nini na hayo maneno. Tangu siku hiyo sijafungua daftari. Saa nane ikifika napanga chupa ambazo zimeshapangwa. Juzi mkulima mmoja alitaka kukalia lile gunia lako, nikamwambia limeuzwa.

Fomu ya mtihani ninayo, nimejaza kila kitu isipokuwa sahihi. Wanafunga usajili Ijumaa saa kumi jioni. Nikitia sahihi, nitaingia ukumbi mmoja na watoto wa umri wa Shiro wangu, na Eldoret yote itajua, na hakuna mtu atakayekuwa ananingoja nje kuniuliza karatasi ilikuwaje. Nisipotia, nitaendelea na duka, na uwongo wangu, na saa nane yangu. Nimepiga hesabu zote mbili na zote mbili zinatoka na wewe hupo.

Lala salama, mzee wangu. Jumapili ninakuja Moiben, nitasimama kwa kaburi lako na nitakusomea zile sentensi, zote, hata kama mvua inanyesha. Hiyo nakuahidi, na ni ya kumi kwa kumi.

Lakini Ijumaa iko mbele ya Jumapili. Najua wafu hawaandiki barua, sijapungukiwa na akili. Njoo vile utaweza, ila usinitumie ndoto ya kufumbuliwa, wala usinilainishie. Nikafanye huo mtihani bila wewe? Sema ndiyo ama useme hapana, na unijibu kabla ya saa kumi.

Mama Shiro