Kwa Nini Ahamishwe Yeye

3 Machi
Dada mpendwa,
Sisi wazima, cherehani bado inatulisha. Sijui wewe na wagonjwa wako huko wodini. Nakuandikia kwa sababu nyumba ni ndogo, nikipiga simu mwanao atasikia. Huyo Chiriku wetu kanyamaza. Shule imemhamishia zamu ya mchana, eti apate utulivu. Nilikwenda kuuliza, mwalimu mkuu akanikaribisha chai. Akasema ni utani wa watoto, umeshakwisha.
Mdogo wako

10 Machi
Mdogo wangu,
Mimi mzima, ila roho haijatulia. Mtu asiyewahi kuitikia salamu yetu leo anakumiminia chai? Na kama ni utani, kwa nini ahamishwe yeye? Kuna jambo wanalifunika. Usimhoji mtoto. Kaa naye tu, mwambie akisema hatagombezwa, na mimi mama yake namwamini kabla hajafungua mdomo.
Dada yako

19 Machi
Dada,
Afya ipo, usingizi ndio haupo. Juzi nikiwa napiga pasi alianza mwenyewe. Kiranja wao, mvulana yule anayesifiwa kila kikao cha wazazi, alimfungia stoo ya mipira akamshikashika kwa nguvu. Mtoto aliripoti siku ileile. Mwalimu wa malezi akamjibu, "Mwenzako ana mtihani. Usimharibie maisha."
Nilimtafuta mama wa yule binti aliyeacha shule ghafla mwaka jana. Kabla sijamaliza kueleza, alimtaja kiranja yuleyule. Tumekwenda pamoja ustawi wa jamii. Shuleni hatukuaga.
Mdogo wako

6 Aprili
Dada,
Natumaini miguu yako, kwa kusimama wodini, imepungua kuvimba. Baada ya afisa wa ustawi kufika shuleni, mwalimu mkuu alikuja hapa, mpole kama maji ya mtungini, akitaka tuyamalize kifamilia. Kabla sijamjibu, Chiriku akatoka chumbani.
"Mimi ndiye niliyeripoti," akasema. "Niambie mimi, mwalimu. Nimalize nini?"
Mwalimu akaaga.
Kiranja amesimamishwa, uchunguzi unaendelea. Mwanao amerudi zamu yake ya asubuhi. Shule inatangaza kwamba hatua ni yao wenyewe. Waache watangaze. Mimi namsindikiza mpaka getini kila siku, na siondoki mpaka nimwone mwalimu gani anampokea.
Jana Chiriku alipika huku akisimulia, chakula kikaungua. Tulikila hivyohivyo.
Mama mdogo wa Chiriku